Ng'ombe wa Settimio Ngomeni

Jumanne, 7 Mei

Wamekataa tena. Barua ya mistari miwili kutoka makumbusho ya sanaa pale ngomeni: picha yangu ya mke wangu Delfina akimenya viazi haina nafasi. Mara ya tatu hii. Miaka arobaini nimepaka rangi kuta za nusu ya mji huu, kumbe sijui brashi. Na nani kapewa nafasi? Jirani yangu Settimio, kinyozi. Kachora ng'ombe. Delfina kasema ng'ombe yule kama anapumua. Picha yangu sijamwonyesha. Ataiona ikiwa ukutani. Nimekula polenta yangu, ugali wetu wa mahindi, peke yangu jikoni.

Alhamisi, 9 Mei

Nimepata dawa yao. Picha nitaitundika mwenyewe, niipitishe chini ya koti. Chumba cha juu kwenye mnara wa ngome kina msumari mtupu karibu na dirisha, nani atajua? Delfina aliuliza nalitoa koti la baridi la nini na jua hili. Nikasema nahisi mafua. Akanitazama vile anavyomtazama muuza samaki.

Jumamosi, 11 Mei

Siku ya laana. Mlinzi mlangoni ni Fausta, dada yake Delfina.

"Shemeji, mbona umenenepa tangu jana?"

Nikasema ni polenta. Ngazi za mnara zilijengwa nyembamba, za kuzunguka, ili adui apande mmoja mmoja. Nikapanda mmoja, nikakwama. Fremu kifuani, ukuta mgongoni. Watalii wakajazana chini yangu, wengine juu. Mzee mmoja akauliza kama mimi ni sehemu ya maonyesho. Fausta akanivuta miguu. Koti likachanika, picha ikaporomoka ngazi kwa ngazi hadi miguuni pa nani? Settimio, aliyekuja kumtazama ng'ombe wake.

Akaiokota, akaitazama muda mrefu. Nilingoja acheke nipate sababu ya kumtwanga.

"Ermete," akasema taratibu, "hii mikono ni ya Delfina kabisa. Ulikuwa unaificha ya nini?"

Akaenda nayo kwa mkurugenzi bila kuniomba ruhusa. Nitamchukia vipi mtu wa namna hii? Nimejitahidi.

Jumapili, 12 Mei

Wameitundika, kwa mwezi mmoja, kando ya ng'ombe. Delfina alisimama mbele yake hadi Fausta akamletea kiti. Alisema hakujua kama huwa namtazama hivyo. Akanishika mkono mbele za watu. Settimio akaleta divai, ikabidi niseme asante.

Lakini macho yangu ni ya fundi. Picha yangu iko chini kuliko ya ng'ombe, kiganja kizima. Hiyo ni njama. Kesho wamefunga, ila dirisha la nyuma la ngome halina nondo. Nyundo ya kuipandisha ninayo. Ngazi nimeshaazima.

Kwa Settimio.