Simba wa Ilka Mwenye Uso wa Paka

Jumapili, 7 Septemba

Balaa! Nimesikia kwa masikio yangu, nikiwa nyuma ya mlango wa jiko la sinagogi. Sikuwa nimejificha. Nilikuwa nimesimama tu, kimya, nimebana pumzi. Daktari Ármin alikuwa akimwambia Rózsi, anayetupikia maharage ya Sabato, kwamba pazia jipya la kabati la Torati litatundikwa tarehe 21, siku moja kabla ya Mwaka Mpya wetu kuingia. Analitoa yeye, kwa kumbukumbu ya mama yake, na Rózsi ndiye atakayelishona. Rózsi akauliza, na lile la Ilka? Ármin akajibu, "Tutalikunja vizuri, tuliweke stoo."

Stoo! Pamoja na ndoo na panya!

Ilka alikuwa mke wangu. Alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi. Pazia lile jekundu alilishona juu ya meza yetu ya jikoni, pini zimejaa mdomoni, na bado akaweza kubishana nami kuhusu chumvi. Alitarizi simba wawili kwa nyuzi za dhahabu. Wa kulia ni simba. Wa kushoto ni paka wetu Bodza, kwa sababu simba wa kumtazama hakuwepo, na Bodza alikuwa pale pale, anaota moto. Kila asubuhi nikisali, paka yule ananitazama. Nikisinzia, ananitazama zaidi.

Mtu mwingine angemwendea Ármin na kumuuliza. Mimi na Ármin hatusemezani tangu Pasaka, aliposema mbele ya watu kwamba nikiimba, yeye anaweza kung'oa jino bila ganzi. Alikuwa daktari wa meno, kwa hiyo watu walimwamini. Walicheka. Hata rabi alicheka.

Siulizi kitu. Nitatumia akili.

Jumatatu, 8 Septemba

Mimi ndiye ninayeandika tangazo la wiki na kulibandika mlangoni. Saa za sala, nani analeta keki, nani anaumwa. Haya ni madaraka, ingawa watu hawajui. Leo nimeandika kwa herufi kubwa: pembe ya kondoo inapulizwa kila asubuhi, msichelewe. Rózsi anatafuta sufuria yake, aliyeichukua anajijua. Fundi wa bomba la moshi anakuja. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa: pazia jipya, Jumapili tarehe 21, saa nne asubuhi.

Asiyeona hatakuja. Watu wasipokuja, hafla itaahirishwa. Kikiahirishwa kitu hapa kwetu, kimekufa.

Jioni: vibaya. Kila aliyefika aliona kuna kitu kimeandikwa kidogo, akadhani ni umbea. Wakapanga foleni kuvua na kuvaa miwani. Mwishowe Rózsi akalisoma kwa sauti kwa ajili ya wote, mara mbili, na akaongeza kwamba kutakuwa na keki yake ya tabaka, ya tufaha na jozi.

Sasa watakuja hata wale ambao hawaji.

Jumatano, 10 Septemba

Bahati imejileta yenyewe! Rózsi amenifuata, ameshika kiuno. "Shemeji, magoti yangu hayapandi ngazi tena. Nipimie kabati, urefu na upana." Ananiita shemeji kwa kuwa yeye na Ilka walikuwa kama dada, waligombana kila siku.

Nilipanda. Nilipima. Nikashuka, nikampa upana sahihi, maana mimi si mtu mbaya. Urefu nikaupunguza shubiri moja na kidogo. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimetengeneza miavuli maisha yangu yote, na hakuna mteja aliyelowa kwa sababu ya vipimo vyangu.

Nimelala mchana kama mtoto mchanga.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi nimekwenda kwa Rabi Bálint. Ni kijana, ana watoto wadogo, shati lake lina uji begani. Nikamwuliza kwa ujanja, kama mtu anayependa elimu tu: kitu kilichotumika mahali patakatifu kinaweza kuondolewa ili kiwekwe kingine kizuri zaidi? Macho yake yaling'aa. Akasema kuna maoni mawili. Akayaeleza yote mawili. Nilipotoka, kila oni lilikuwa limemkanusha mwenzake, na mimi nimebeba kitabu kizito kama tofali.

Mlangoni akaniita tena. Amepata wazo! Kesho somo la Sabato litakuwa juu ya mapazia. Daktari Ármin atafurahi sana, alisema. Atamwomba atoe vinywaji.

Mimi na mdomo wangu.

Jumamosi, 13 Septemba, Sabato imeshatoka

Mchana kutwa nimetamani kuandika na sikuweza, maana Sabato hatuandiki. Kichwa kimejaa kama kabati la viatu.

Somo lilipendeza, kwa bahati mbaya. Rabi alianza na hema la jangwani. Baadaye kulikuwa na habari ndefu za rangi, sikuzisikiliza, nilitoka kuangalia keki. Niliporudi Ármin alikuwa amesimama. Alisema mama yake alichukuliwa pamoja na Wayahudi wengine ile baridi ya vita, yeye akiwa mdogo, na hana kaburi la kwenda kuweka jiwe, kama ilivyo desturi yetu. Akasema anataka pawe na mahali ambapo jina lake limeandikwa, na watu wanapita. Kisha akakaa.

Nilimwonea huruma. Kwa kweli nilimwonea. Nilimpelekea glasi ya maji, nikaiweka karibu naye bila kusema neno, kwa sababu hatusemezani.

Lakini halafu nikamtazama paka. Yeye naye yuko pale kwa ajili ya mtu.

Jumanne, 16 Septemba

Nimefanya jambo kubwa.

Nina ufunguo. Baada ya sala ya jioni nikajifanya nabandua matangazo ya zamani. Watu walipoondoka nikapanda ngazi, nikalishusha pazia la Ilka, nikalikunja, nikalitia kwenye mfuko wa sokoni, juu yake nikaweka vitunguu. Kama ni kukunjwa, nitalikunja mimi! Kama ni kuhifadhiwa, litakaa katika kabati langu, pamoja na koti lake.

Kwenye tramu mama mmoja akaniuliza vitunguu bei gani. Nilitoka jasho.

Nimelitandika juu ya kitanda, upande wake. Linanuka nta ya mishumaa. Kwenye pindo la chini nimeona uzi wa kijani ambao sikuwahi kuuona. Uzi mwekundu ulimwishia, nakumbuka sasa, na ilikuwa Ijumaa, maduka yanafungwa. Alisema hakuna atakayejua. Na hakuna aliyejua, Ilka. Mpaka leo.

Jumatano, 17 Septemba

Nilikuwa nimejiandaa. Nilifika wa kwanza, nikangoja wengine, tukaingia pamoja, nami nikapiga kelele kuliko wote: "Wezi! Wezi wameingia!"

Ármin hakupiga kelele. Alitoa simu mfukoni kuwaita polisi.

Polisi! Nikaona jina langu kwenye tangazo la wiki, na mwandishi nikiwa mimi. Ikabidi nijigonge paji la uso na kusema, aa, nimekumbuka, nililichukua mwenyewe jana nikalisafishe kwa ajili ya sikukuu. Rózsi alishika kichwa. "Mahameli? Umeiloweka kwenye maji, shemeji? Niambie hujailoweka!" Nikaapa sijailoweka. Nikaambiwa hata sabuni nisiionyeshe.

Kabati likabaki uchi, milango yake ya mbao inatutazama. Sala haikwenda vizuri. Mwishoni Ármin akasema, basi tusingoje Jumapili. Kesho Rózsi alete lile jipya lijaribiwe, na likikaa vizuri lisishuke tena.

Yaani nimeliondoa la Ilka kwa mikono yangu, na kumfungulia njia! Kama Ármin angeniajiri, nisingemfanyia kazi nzuri hivi.

Alhamisi, 18 Septemba

Siwezi kukaa. Naandika nimesimama, karatasi juu ya friji.

Rózsi alifungua furushi lake. Nilikuwa nimeshika ngazi, uso nimeugeuza ukutani ili nisilione. Nikasikia watu wanasema aaa. Nikageuka.

Jeupe. Jeupe tupu, kama maziwa, na jina la mama yake Ármin pembeni kwa nyuzi za fedha.

Nikasahau kwamba hatusemezani. Nikamwuliza Ármin, kwa nini jeupe? Akanishangaa. Akasema jeupe ni la Siku za Hukumu, tangu Mwaka Mpya hadi Upatanisho, bwana Miksa, tangu lini umesahau? Kila sinagogi mjini lina lake. La kwetu liliharibiwa na maji bomba lilipopasuka, zamani, hata Ilka hajashona lile jekundu, ndiyo maana tumekaa na jekundu mwaka mzima. Hili jipya litakaa mpaka sikukuu ziishe. Kisha la Ilka linarudi mahali pake. "Na lirudi wapi kwingine? Nani angeondoa paka yule? Mimi humwangalia kila siku wewe ukiimba, ananisaidia kuvumilia."

Nikakaa chini, kwenye ngazi. Nilicheka, halafu machozi, halafu nikacheka tena, na Rózsi akaniletea maji akidhani ni moyo. Nililala macho usiku mara ngapi wiki hii! Na paka alikuwa salama muda wote, ila kwangu tu ndiko hakuwa salama.

Kisha wakalitundika.

Lilikuwa fupi. Lilining'inia kama suruali ya mvulana aliyerefuka likizo. Chini yake milango yote inaonekana, hadi bawaba. Rózsi akanigeukia polepole. Nikasema futi yangu ya kupimia ni ya kitambaa, ililowa mvua, ikarudi, ikawa fupi. Rózsi alikuwa tayari kukubali. Ármin akafikiri kidogo, akasema kwa upole kwamba futi ikirudi, pazia hutoka refu, si fupi.

Alinitazama kama daktari aliyeona tundu kwenye gego na kuamua kutolitaja leo. Kisha akamwuliza Rózsi kama kitambaa kile bado kipo dukani. Kimekwisha, alisema Rózsi. Mkono wa Ármin ulikuwa umeshika pale penye jina, akipapasa, kama mtu anayenyoosha kola ya mzazi wake.

Nikasikia sauti ikisema, mimi ninacho kitambaa cheupe. Ilikuwa yangu.

Ijumaa, 19 Septemba

Kitambaa cha meza cha Ilka, cha Sabato. Kitani nzito, aliletewa na shangazi yake. Kina doa la divai nililomwaga mimi Sabato yetu ya kwanza, na tangu siku hiyo ubao wa mkate ulikaa juu ya doa, kila Ijumaa, na hakuna mgeni aliyeambiwa kwa nini.

Rabi alipoulizwa kama kitambaa cha meza kinaweza kuwa pazia, alisema kuna maoni mawili. Alipoona uso wa Rózsi akachagua moja haraka. Rózsi amekata utepe mpana, ameushona chini, na doa limeingia ndani ya pindo. Alinionyesha lilipo. Hakuna atakayejua.

Ármin kaniambia jekundu likae kwangu mpaka sikukuu ziishe, kwa kuwa liko huko tayari. Nikamshukuru. Kavu kidogo, lakini nilimshukuru.

Leo nimekula kwenye meza tupu. Si mbaya. Paka alikuwa kitandani.

Jumapili, 21 Septemba

Walikuja wote, kwa sababu ya tangazo langu. Pazia limefika chini kabisa, mshono hauonekani usipoutafuta. Ármin aliligusa juu, penye jina. Mimi niliinama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, nikaligusa chini.

Keki ilikwisha kabla ya wazee wa safu ya nyuma kufika mezani. Nafsi yangu imetulia kama chai iliyopoa. Kuanzia sasa, nikiwa na neno na mtu, nitamwendea na kumwuliza. Basi. Hakuna mbinu tena.

Jumatatu, 22 Septemba

Mwaka Mpya unaingia leo jioni, na sisi kabla yake huombana msamaha. Nilipanga kumwendea Ármin baada ya sala ya asubuhi na kumwambia yote, vipimo, herufi ndogo, vitunguu. Hotuba niliitunga nikinyoa. Ilikuwa nzuri, hata mimi ilinigusa.

Lakini Ármin aliniwahi! Nilikuwa bado navua shali ya sala, mkono mmoja ndani, akanikamata mbele ya watu. Akasema anaomba radhi kwa yale maneno ya Pasaka kuhusu sauti yangu, kwamba yamemkera moyoni miezi yote hii, na kama nina jambo lolote juu yake nimsamehe. Watu wakasema, mtu mkubwa huyo! Rózsi alitoa leso. Rabi alimpiga bega.

Mimi nikiomba msamaha baada ya hapo, ningeonekana namwiga. Kwa hiyo nilisema nimekusamehe, nikanyamaza. Nikaonekana mimi ndiye niliyekuwa na kinyongo miezi yote hii. Alijua! Madaktari wa meno huanza kabla hujafungua mdomo.

Lakini Siku ya Upatanisho bado. Mkesha wake watu huombana msamaha tena, na zamu hii sitachelewa. Nimeshaongea na Rózsi: Ármin akitoka tu nyumbani kwake, anipigie simu. Nitamngoja nyuma ya mlango wa jiko. Akiingia, kabla hajavua koti, nitatoka ghafla na kumwomba msamaha mbele ya wote, kwa sauti kubwa, kwa machozi, na ikibidi kwa wimbo.

Tuone atajibu nini.