Bunduki ya Keki

Wazee, leo nimejiaibisha hapa Riyadh, na kabla ya saa nane mchana aibu ilikuwa imeshafika Jeddah.

Mnaonijua mnajua mimi ni mtu wa nyumbani. Naendesha gari la madam huku Al-Naseem: shule, soko, nyumbani, halas, basi. Chumba changu kina AC na godoro limeshanizoea. Sasa juzi baba, yaani bosi mwenyewe, mume wa madam, akatangaza kwamba ghala lake la Al-Sulay linataka dereva wa lori. Kati yangu na mwenzangu Otieno, mmoja ataenda kukaangwa na jua. Atakayebaki nyumbani ni yule anayesikia Kiarabu vizuri.

Nikadakia haraka. "Baba, Kiarabu mimi naelewa chote!"

(Kiarabu changu nimekijenga kwa kufananisha na Kiswahili. Neno likikaribiana, nalichukua hivyo hivyo.)

Leo baba yuko Jeddah kikazi. Niko barabarani, madam akapiga simu. Kando yangu kuna lori linapiga honi kama limeibiwa. Nikaokota vipande tu: "Bunduq... nuss... habba saghira... mafi ghali. Yalla!" Yaani haraka.

"Hadhir, madam!" nikaitikia, yaani sawa. Kuuliza tena? Ili aseme sielewi Kiarabu? Thubutu!

Nikaanza kutafsiri. Bunduq, hiyo ni bunduki, hata mtoto anajua. Nuss ni nusu. Bunduki nusu? Nusu otomatiki! Habba saghira ni punje ndogo, na punje ya bunduki ni nini kama si risasi? Mafi ghali, isiwe ya bei. Tena baba ni mwindaji, na bunduki yake kuukuu huitukana kila msimu wa baridi. Kila kitu kikaingia mahali pake. Nilijiona nina akili kuliko mwalimu wangu wa form four. (Matokeo yangu ya form four tuyaache.)

Nikaingia duka la vifaa vya kuwinda. Muuzaji, Msudani mmoja mpole, akauliza leseni.

"Leseni anayo baba. Mimi nachagua tu."

Akaniwekea mbili mezani. Zote nusu otomatiki: ukifyatua moja, inayofuata inajipanga yenyewe. Hii ndogo ni ya sungura, risasi zake rahisi na haipigi bega teke. Hii kubwa inaangusha swala, ila risasi zake zitamfilisi mtu.

"Bosi wako anawinda nini?"

"Nyama," nikasema.

Akanitazama. Nikaona nionyeshe utaalamu, nikachungulia ile darubini ya juu. "Mashallah, duka lenu ni refu sana!"

"Sadiki, rafiki yangu, umechungulia upande wa mbele."

Ningeondoka hapo mngekuwa mmelala bila kisa. Lakini nikasema ngoja madam achague mwenyewe. Nikapiga video. Akapokea Mwende, dada wa Kitui anayefanya kazi ndani, maana mikono ya madam ilikuwa na unga.

"Mwende, geuza simu madam aone. Muulize nichukue ndogo ama kubwa."

"Ndogo gani? Musyoka! Hiyo ni nini umeshika?"

"Si ile ametuma. Nusu otomatiki."

"Wewe! Madam anapika keki!"

"Sawa, yeye ana keki, mimi nina bunduki. Kila mtu na kazi yake. Muulize!"

Mwende akaleta kopo tupu lenye picha ya njugu hadi kwenye kamera. "Bunduq ni hizi, wewe mtu! Zile njugu za mviringo zinakaa ndani ya chokoleti! Nusu kilo! Zile ndogo ndogo, za kumwaga juu ya keki ya mama mkwe!"

Mama mkwe mwenyewe alikuwa ameketi hapo hapo jikoni. Alichoona kwenye simu ni dereva wa mwanawe, kijasho usoni, bunduki kifuani, akibishana kuhusu keki. Ukelele aliopiga! Madam akafuatia: "Ya hmar!" (Hilo nililielewa bila kufananisha. Punda.) Muuzaji alikuwa ameshalala juu ya meza kwa kicheko. "Sadiki, bunduq unapimiwa duka la tatu kutoka hapa!"

Mama mkwe hakungoja. Akampigia mwanawe Jeddah, baba akanipigia mimi. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Musyoka, ulichagua ipi?"

"Ile ndogo, baba."

"Umechagua vizuri. Jumamosi uanze ghalani Sulay."

Kwa hivyo nafunga mabegi. Naomba msicheke, na msiniulize Otieno amebaki vipi. Otieno anajua maneno matatu tu ya Kiarabu, na hakuna hata moja linalofanana na silaha.