Jenerali Akwama Ndani ya Zimwi

Mstaafu alilipiga gazeti pajani kama anayeua nzi.

"Wameahirisha! Lile tamasha la kosplei, la watu wazima kuvaa kama mazimwi na mashujaa wa katuni, limesogezwa mpaka mwakani. Eti paa la ukumbi linavuja."

"Weee!" Spika akaruka. Spika ni kinyozi. Kibanda chake kinatazamana na benchi letu la kahawa, na wateja wake hukaa na kichwa nusu wakisubiri amalize hoja huku kwetu. "Jenerali kashasikia?"

"Asikie ili iweje? Apumzike! Mtu ana mke, ana kazi, halafu anajifungia ndani kushona mkia!"

"Mkia wenyewe ulikuwa mzuri," alisema Waziri, akisuuza vikombe. Kahawa ni yake, na bila idhini yake hunywi, ndiyo maana tunamwita Waziri. "Ulinivunjia vikombe, lakini ulikuwa mzuri."

Jenerali ni fundi makochi. Mabaki ya sponji anayageuza pembe, mabawa na deraya za vitani. Kwenye tamasha lililopita alipigwa picha mpaka mashavu yakamuuma kwa kucheka. Tangu hapo amekuwa kama simu iliyoisha chaji.

"Msimu umefungwa, basi aache," Mstaafu alisisitiza.

"Aache vipi? Ligi ikiisha, wachezaji wanawekwa kabatini?"

"Wanapumzika!"

"Wanapumzika huku wanapiga danadana! Mimi nikikosa wateja najinyoa mwenyewe, mkono usilale." Spika akapandisha suruali. Kwenye muundi alikuwa amejichora nyota kwa wembe, safi kabisa.

"Sasa nimejua kwa nini huna wateja," alisema Waziri.

Mimi nikaona nichangie. "Aanze na vidogo. Leo glavu, kesho arekebishe pembe iliyovunjika, keshokutwa ajaribu kitu ambacho hajawahi..."

Sikumaliza. Kwenye kona lilikuwa limetokea zimwi.

Kichwa kijani, kikubwa kama pipa, meno nje. Kuanzia shingoni kushuka chini lilikuwa mtu wa kawaida, shati la kazini na kandambili za ngozi. Lilikuja mbio, likagonga nguzo, likaiomba radhi nguzo, likaketi katikati yetu.

"Nisaidieni," sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya tangi. "Hakitoki."

"Jenerali?"

"Nilisema leo nisikae bure. Nikatengeneza taya linalofunguka ukiongea. Nikalivaa kulipima kabla gundi haijakauka. Limeshika ndevu."

Taya lilifanya kazi kweli, ila lilichelewa. Yeye akimaliza sentensi, ndipo zimwi linaanza kuongea.

Spika alikuwa ameshakimbilia mashine yake. "Kaa hivyo hivyo. Nakata hapa pembeni."

"Usikate! Hili taya limenitoa jasho!"

"Basi chagua, bwana. Tuokoe taya au tuokoe uso?"

"Taya."

"Lako au la zimwi?"

"La zimwi!"

"Huyu kapona," alisema Waziri. "Ila haraka ni ya nini? Tuipake mafuta taratibu, gundi ilegee."

"Mama mkwe anakuja! Kapiga simu yuko njiani, na njia ya kwangu inapita hapa."

Mama mkwe si mtu wa kumpokea ukiwa na pembe.

"Anavaa mtandio wa njano?" Waziri akauliza.

"Umemjuaje?"

"Anavuka barabara."

"Ganda!" Spika akanong'ona. "Usipumue!"

Tukamwamkia wote kwa pamoja kama darasa la kwanza. Akaitikia, akashukuru, akatua mfuko wake, na kwa nafasi zote zilizokuwepo akaketi kando ya zimwi.

"Na hili nalo?"

"Tangazo, mama," Spika alisema. "La... la dawa ya meno."

Alilitazama kwa makini. "Linatisha. Lakini meno kweli masafi. Mkwe wangu mmemwona?"

"Katoka kidogo," alisema Mstaafu, macho yakiwa angani.

"Afadhali, niseme asinisikie." Alipokea kikombe kwa Waziri. "Binti yangu kanipigia. Eti tangu lile tamasha lao liishe, mwenzake hagusi mkasi. Akitoka kazini anakaa anatazama ukuta. Mwanzoni nilifurahi, nikasema sasa amekuwa mtu mzima. Halafu nikaambiwa hata kucheka hacheki. Ah! Mimi binti yangu nilimwoza kwa mtu anayecheka." Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na mapazia mekundu yenye kung'aa. "Haya yalikuwa ya sebuleni kwangu. Ashone mabawa, ashone chochote, bila kungoja kuitwa na ukumbi. Ila msimwambie kwamba nimekuja kumbembeleza. Atavimba kichwa."

Benchi likaanza kutetemeka. Nikamkanyaga Jenerali mguu, hakusikia. Kutoka ndani ya kile kichwa ikatoka sauti nyembamba, ya mtu anayejikaza asilie.

"Shikamoo mama."

Baada ya muda, zimwi likafungua mdomo.

Mstaafu alipaliwa na kahawa. Mama mkwe hakugeuka hata shingo. "Marahaba, mwanangu. Nilidhani utanyamaza mpaka jua lizame."

"Ulinijua?"

"Hizo kandambili nilikununulia mimi. Halafu tangazo gani la dawa ya meno lina kitambi? Haya, umekwama wapi?"

Akaelezwa. Akajifunga mtandio kiunoni, akashika pembe zote mbili. Spika akapenyeza mashine kupitia shingoni. Mimi na Waziri tukamkumbatia Jenerali kiuno, na Mstaafu akafanya kazi ngumu kuliko zote, ya kutoa maelekezo. Mashine ikanguruma, Jenerali akapiga ukelele, na kichwa kikachomoka "pwaa!" sote tukaanguka chali.

Jenerali aliinuka akimwagika jasho. Shavu moja lilikuwa na ndevu kama kawaida, jingine jeupe kama la mtoto mchanga. Ndevu zilizokosekana tuliziona zikining'inia kwenye taya la zimwi, zimekaa kwa mpangilio kama zimeotea pale.

Tulidhani atalia. Akalizungusha lile zimwi taratibu, akarudi nyuma kidogo, akalitazama kwa jicho moja. Kisha akacheka. Kicheko kile cha zamani, cha kushika mbavu.

"Sasa limependeza," alisema mama mkwe.

"Twende nikumalizie upande wa pili," Spika akamvuta mkono.

"Nimalizie. Ila usifagie hata unywele mmoja. Tena zimwi bado halina nyusi."

Akageuka polepole, akamkazia macho Mstaafu, mwenye nyusi nene kuliko mtu yeyote mtaani kwetu.

Mstaafu akazifunika kwa viganja vyote viwili, akaaga, akaondoka bila kumalizia kahawa yake.