Kufunguka Ni Awamu ya Pili

Idara ya Vyeti, ninayoiongoza mimi, inautangazia umma kwamba tangu Jumatatu hakuna tena faili la kutafutwa. Tumeleta Tabaka la Kati, programu inayounganisha kompyuta zetu zote! Mafaili yaliyotawanyika kwenye mashine mbalimbali sasa yanaonekana yote kwenye kioo cha kompyuta yangu, ndani ya kabrasha moja, yametulia.

Baada ya ushindi huo niliamuru ile kompyuta kuukuu ya stoo, iliyokuwa ikivuma kutwa bila kumhudumia yeyote, ipelekwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Fundi wetu akaja mbio. "Bosi, tabaka ni dirisha tu! Mafaili yenyewe yanakaa kwenye mashine hiyo."

"Mimi nayaona hapa. Niamini macho yangu au stoo yako?"

Nikamfukuza kazi kwa kukosa maono.

Jumatano akaja mama mmoja mshonaji. Chuo cha uuguzi kilikuwa kinafunga usajili Ijumaa, na binti yake, bila cheti cha kuzaliwa, angepoteza nafasi. Karani akabonyeza.

"Faili la binti yako lipo, mama. Linaonekana."

"Basi lifungue, mwanangu."

"Halifunguki."

"Sasa lipo vipi?"

Niliingilia kati, maana raia akianza falsafa kazi hulala. Nikamweleza kuwa kuonekana ni awamu ya kwanza. Kufunguka ni awamu ya pili, miaka mitano ijayo.

"Miaka mitano? Mwanangu amebakiwa na siku mbili, bosi!" Akalia pale pale dirishani. Nikampa fomu ya kuridhika na huduma.

Hakuijaza. Alimtafuta yule fundi niliyemfukuza, wakaikomboa mashine kwa yule wa vyuma chakavu, wakaiwasha pembeni ya cherehani. Ijumaa asubuhi binti akasajiliwa, cheti mkononi. Kufikia jioni, mji mzima ulikuwa umepanga foleni kwa mshonaji.

Wiki iliyofuata wizara ikatangaza uhakiki wa umri: kiongozi asiye na cheti cha kuzaliwa kufikia saa kumi jioni siku hiyo ahesabiwe amestaafu. Cheti changu kilikuwa kinaonekana vizuri sana. Ningefanyaje? Nami nikapanga foleni. Kusema kweli sikuwahi kukisoma. Tarehe ya kuzaliwa niliyoandika kazini nilijikadiria mwenyewe, kwa kiasi.

Fundi akalifungua faili, akasoma kwa sauti. "Loo! Bosi, kumbe ulipaswa kustaafu miaka sita iliyopita!"

Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Lifunge!" nikasema. "Lifunge upesi!"

Karatasi ilikuwa imeshatoka kwenye printa. Mshonaji akaichukua, akanikabidhi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee."