Kivuta Moshi cha Mama na Ukuta wa Rangi ya Embe

Jumatano, 15 Oktoba
Kivuta moshi cha kufunga juu ya jiko kimefika. Kikubwa, cheusi, kina taa mbili. Mama alikizunguka, akauliza kama ni cha kukaushia samaki.

Ana haki ya kuuliza, ni cha kwake. Daktari wa kifua alisema akivuta tena moshi wa mafuta, atarudi hospitali. Mdogo wangu Shirish naye amesema jiko letu hapa Nagpur likiendelea kufuka moshi, atamhamishia kwake Pune. Jiko lake lina kivuta moshi tangu mwaka juzi. Hakuna simu anayopiga bila kukitaja.

Mama hataki kwenda. Mimi sitaki aende. Na wiki hii ni ya kukaanga chakli, vitafunio vya Diwali.

Alhamisi, 16 Oktoba
Fundi Gajanan alikuja. Alisema kifaa kinataka laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, breka yake ya kuruka na kukata umeme waya ukizidiwa, na waya wa ethi wa kwenda ardhini. Nikasema sawa. Akasema lazima achimbe ukuta wa sebule mpaka jikoni. Nikasema si sawa!

Ukuta umepakwa rangi juzi, kama nyumba zote zinavyopakwa kabla ya Diwali. Rangi ya embe. Bwana Bhusari wa ghorofa ya juu aliutazama hadi chai yake ikapoa. Gajanan akasema basi, baada ya sikukuu.

Mke wangu Vrinda akauliza kama moshi nao utasubiri sikukuu iishe. Nikamwambia aniachie mimi. Akasema, “Baba Ketaki, mara ya mwisho kukuachia, tulioga kwa ndoo mwezi mzima.”

Kijitabu cha kifaa kinasema vilevile: laini yake peke yake. Nimekisoma. Nimekielewa. Nimekitia drooni.

Ijumaa, 17 Oktoba
Tuna betri ya kuwasha taa na feni umeme unapokatika. Waya wake unapita juu ya jiko. Nimeunganisha hapo. Hakuna kuchimba! Tena kitavuta hata umeme ukikatika. Cha Shirish hakiwezi. Nilimpigia simu kumjulisha.

Umeme ulikatika mchana. Mama akawasha. Kikanguruma, feni zikazunguka, na mataa ya mapambo ya balkoni yakawaka. Hayo niliyatundika kwenye laini hiyohiyo, mengi kuliko ya Bhusari. Betri ikalia kama mbuzi, kisha kimya. Kila kitu kikazima. Mama akakohoa mpaka machozi.

Bhusari akauliza kwa sauti kutoka juu, “Bwana Pohankar, mbuzi wa nani huyo?”

Jumapili, 19 Oktoba
Nimepata dawa. Soketi ya kona ya miungu, Mama anaposali, humohumo jikoni. Laini ile ina friji, blenda na taa ndogo ya miungu ambayo Mama haruhusu izimwe. Kitu kimoja zaidi kitadhuru nini? Nimetumia ekstensheni nyeupe. Haionekani.

Kimefanya kazi! Mama alikaanga sinia zima bila kukohoa. Alinishika shavu, akasema kumbe akili ninayo, ilichelewa njiani tu. Akamwambia Shirish kwenye simu asahau habari za Pune.

Jumanne, 21 Oktoba
Siku ya kumkaribisha Lakshmi, mungu wa utajiri, anayeingia penye mwanga. Milango wazi, nyayo zake zimechorwa kwa unga kutoka kizingitini hadi ndani. Shirish amekuja. Bhusari na mkewe wamekuja. Wote waliusifu ukuta.

Mama alikuwa kwenye sinia la mwisho. Vrinda akawasha blenda asage chatini. Breka ikaruka. Kivuta moshi kimya, taa ya miungu imezimika. Nikairudisha. Ikaruka. Nikairudisha tena. Ikaruka tena. Mafuta yalikuwa bado motoni, moshi ukajaa.

Bhusari alisema kwa upole kwamba labda Lakshmi hakuuona mlango wangu, akapanda kwake. Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa amekaa sakafuni, mkono kifuani, hawezi kumaliza neno. Shirish alimbeba hadi kwenye gari. Mimi nilikuwa bado nimeshika breka.

Alhamisi, 23 Oktoba
Mama ametoka hospitali. Moja kwa moja kwenye gari la Shirish. Miungu yake ameifunga kwenye kitambaa, ameipakata.

Sikulaumiwa. Aliniambia tu kwamba rangi ya ukuta ni nzuri kweli. Afadhali angenitukana.

Vrinda hasemi nami. Kona ya miungu ni tupu. Niliambiwa na fundi, niliambiwa na kijitabu, niliambiwa na mke wangu. Ningechimba ukuta, Mama angekuwa jikoni sasa hivi akinicheka. Kosa ni langu. Naliandika hapa nisije nikajidanganya.

Jumamosi, 25 Oktoba
Gajanan alirudi asubuhi na patasi yake. Jua lilikuwa limeupiga ukuta. Ule uzuri! Nikatafakari upya. Waya hauna kosa. Breka ndiyo ndogo, inaogopa kila kitu. Nimemrudisha Gajanan, nimenunua breka kubwa mara mbili, nimeifunga mwenyewe. Hii hairuki ng'o.

Nilipiga simu Pune kusema Mama arudi, kazi imekwisha. Shirish akauliza kama nimechimba ukuta. Nikamwambia aje ajionee, hauna hata mkwaruzo.