Shukrani kwa Kichupa Kilichofunikwa

Jumatatu, 3 Machi

Leo asubuhi mke wangu amenifunga vifungo vya shati. Vyote! Hata kile cha shingoni, ambacho mimi mwenyewe hukiogopa. Nilisimama kimya kama mtoto anayepimwa sare ya shule. Alipomaliza aliniambia niache kumkodolea macho, niende kazini, vifurushi vya watu havijitumi. Nilipofika barabarani nililia kidogo. Vumbi, bila shaka.

Niandike mambo kwa utaratibu. Mke wangu ni fundi cherehani. Baridi yabisi ilimvimbisha vidole mpaka akashindwa kushika sindano. Wateja wakaanza kupita upande wa pili wa barabara, nguo zao zikielekea kwa fundi mwingine. Kisha akaingia katika utafiti wa dawa pale hospitalini.

Mimi ni karani wa ofisi ya vifurushi, kwa hiyo nilielewa kabla daktari hajamaliza kueleza. Dawa ya zamani ilimwagwa mwilini kama mzigo usio na anwani. Tumbo linachukua, ini linachukua, vidole vinaambulia makombo. Hii mpya inasafiri ndani ya vitufe vya protini, mfano wa vijipira, vidogo hata darubini ya shuleni haivioni. Vina uwazi ndani, na dawa hutiwa humo. Nje vina vishikio vinavyonasa penye kiungo kilichovimba, si kwingine. Yaani anwani! Na ajabu kuliko yote, vipande vya kitufe vimeundwa maabara kwa namna kwamba vikikutana vinaungana vyenyewe. Hakuna gundi, hakuna msumari.

Shemeji, kaka yake mke wangu, ni seremala. Habari hiyo ilimkera. Alisema maishani mwake hajaona mbao zikijiunga zenyewe, na siku mbao zitakapoanza yeye atahama nchi.

Huyo huyo anautangazia mtaa kwamba ndiye aliyemwokoa dada yake, eti kwa kuwa ndiye aliyesikia habari za utafiti akampeleka. Kumpeleka, alimpeleka. Lakini mkoba nani alibeba?

Nimedokezwa kwamba anamchongea daktari kiti cha shukrani. Kiti! Lazima niwahi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeshukuru. Haikwenda vizuri.

Nilimsindikiza mke wangu kliniki kuchunguzwa vidole. Ukumbi wa kungojea ulijaa wagonjwa wa utafiti. Nikaona fursa. Mke wangu alipoitwa ndani nilisimama, nikakohoa, nikawaambia wote kwamba vifurushi vya mke wangu vimefika salama, anwani sahihi, na kwamba namshukuru daktari, nesi, aliyebuni vitufe, na mwalimu aliyemfundisha aliyebuni vitufe. Mzee mmoja alipiga makofi. Mama mmoja alianza kutazama mikono yake mwenyewe kwa huzuni.

Daktari alitoka mbio. Ni binti wa umri wa kitinda mimba wetu, lakini ana macho ya mwalimu mkuu. Aliniingiza chumbani kwake na kunikalisha. Alisema, "Baba, nakuomba, usiniambie kitu."

Kumbe iko hivi. Baadhi ya wagonjwa wanapewa dawa. Wengine wanapewa kichupa kisicho na dawa. Nani kapewa kipi, daktari hajui, nesi hajui, mgonjwa hajui. Anajua mtu mmoja katika jengo jingine, na mtu huyo haji huku hata kunywa chai. Nikauliza kwa nini watu wazima wafichane hivyo. Akaniuliza kama ofisini kwetu mteja huruhusiwa kuweka kidole kwenye mizani mzigo wake unapopimwa. Nikasema hata kidogo. Akasema basi, shukrani zangu ni kidole. Nesi akisikia dawa inafanya kazi, kesho atauona uvimbe mdogo kuliko ulivyo. Vipimo vitapinda, hakuna atakayeviamini, na wengine wenye vidole kama vya mke wangu hawataipata dawa kamwe.

Nimeelewa kabisa. Nilimwambia hivyo mara mbili.

Alinionya kwamba nikirudia, mke wangu anaweza kuondolewa katika utafiti.

Faraja moja. Wakati tunatoka, shemeji alikuwa anaingia na kiti kichwani. Alikataliwa mlangoni. Zawadi ni marufuku. Alirudi na kiti chake vile vile, juani, na mara mbili alilazimika kukikalia njiani. Namshukuru Mungu kwa kunionyesha.

Alhamisi, 6 Machi

Wazo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Je, kama mke wangu yumo kati ya wale wasiopewa dawa? Basi nimekuwa nikiyashukuru maji! Mtu lazima ajue anachokishukuru. Sitamwambia mtu. Nitajua mimi tu, nishukuru kimoyomoyo, kwa uhakika. Hicho si kidole kwenye mizani. Hilo ni jicho tu.

Kichupa chenyewe hufunikwa karatasi nyeusi ili rangi isionekane. Wajanja. Lakini leo mke wangu alikuwa akipiga mayai nami nikaona povu. Ute wa yai ni protini! Tulifundishwa kidato cha pili. Protini ikitikiswa hutoa povu. Maji hayatoi. Nani aliniambia mimi si mwanasayansi?

Nilifanya jaribio kwa utaratibu. Chupa moja maji, chupa nyingine maji na ute wa yai. Nikatikisa. Maji yalitulia kama mtu asiye na deni. Ya pili, povu tele! Nikarudia, kwa uhakika. Nikarudia tena, kwa furaha.

Mke wangu aliuliza mayai yamekwenda wapi. Nilimjibu yametumika kwa ajili ya sayansi. Akasema sayansi itage yake.

Jumatatu, 10 Machi

Leo naandika yote, hata yanayoniaibisha.

Ilikuwa siku ya sindano. Msindikizaji anaruhusiwa kukaa kando ya kitanda. Nesi alileta kisanduku cha baridi, akakitoa kichupa, akakiweka juu ya sinia. Kimeandikwa USITIKISE kwa herufi kubwa. Hilo halikunishtua. Mimi hubandika karatasi za USITIKISE kila siku ya kazi, na najua zinavyoheshimiwa.

Nesi aliitwa mlangoni. Mke wangu alikuwa amegeuka ukutani, maana hapendi kuona sindano. Nikanyakua kichupa. Nikatikisa. Nikakwangua karatasi kidogo kwa ukucha.

Povu! Jeupe, zito, la kupendeza! Nikasahau kila kitu. Nikapaza sauti, "Ni yenyewe! Mke wangu, ni yenyewe!"

Nesi alisimama mlangoni. Mke wangu aligeuka. Nami nimeshika kichupa juu kama kombe la mpira.

Daktari alifika. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikiangalia kichupa kama mtu anayeangalia sahani iliyovunjika, kisha akanieleza polepole. Vitufe ni laini. Vikitikiswa hivyo, povu linavivuta na kuvikunjua, vinagandamana, na havifai tena. Kichupa hiki ni cha kutupwa. Hakuna sindano leo.

Nikasema kwa unyonge kwamba angalau sasa tunajua hayakuwa maji. Akasema hakuna aliyewahi kutaja maji. Wale wasiopewa dawa wanapewa vitufe vile vile vya protini, vitupu ndani. Navyo hutoa povu.

Kwa hiyo nimemwagisha dawa ya mke wangu, au vitufe vitupu vya mke wangu, na sijui ni kipi.

Jambo hili litapelekwa kwa kamati. Ijumaa wataamua kama mke wangu anabaki au anatoka.

Njia nzima hakusema neno. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ninausubiri.

Jumatano, 12 Machi

Mshindo haujaja. Ningeupokea kwa mikono miwili.

Mke wangu anazungumza na kuta. Aliuambia ukuta wa jikoni kwamba chakula kiko mezani kwa yeyote anayekitaka. Niliushukuru ukuta.

Asubuhi alijaribu kufungua mfuniko wa kopo la sukari. Ukamshinda. Akajaribu tena kwa kitambaa. Ukamshinda. Wiki iliyopita alikuwa akiufungua huku anaimba. Nikasogea, nikaufungua, nikaliweka kopo mbele yake. Hakunitazama. Alivitazama vidole vyake, kimoja kimoja, kama anayehesabu wageni walioanza kuaga.

Ofisini nilipokea sanduku lenye karatasi ya USITIKISE. Nikalibeba mwenyewe mpaka rafuni kama mtoto mchanga. Meneja aliuliza kama naumwa.

Jioni shemeji alikuja. Nilijua amekuja kufurahi, na alifurahi kweli. Alisema, "Shemeji, wewe hata mlango ukiandikwa VUTA, lazima usukume kwanza uone." Akasema fundi mbaya huonekana kwa anachovunja, si kwa anachojenga. Akasema mengi, yote ya haki. Nilimuuliza kama amemaliza. Akasema bado, anapumzika.

Kisha hakuondoka. Alikaa nami barazani mpaka chai ikapoa. Kabla ya kuaga alisema kwamba Ijumaa atafunga karakana aje nasi, na kwamba kama dada yake atatolewa, atawalaumu wote, hata yeye mwenyewe aliyempeleka. Nilimshukuru. Si kwa sauti. Asije akazoea.

Ijumaa, 14 Machi

Anabaki! Anabaki! Anabaki!

Sasa kwa utaratibu. Wanakamati walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu, pamoja na daktari kando. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya kuomba radhi. Nilipofungua mdomo mke wangu alinikanyaga mguu. Akasimama yeye.

Aliwaambia kwamba mumewe ana ugonjwa wa kushukuru, wa kurithi, baba yake alikuwa nao, na mpaka leo hakuna aliyeufanyia utafiti. Mmoja wa wanakamati aliinamisha uso. Kisha mke wangu akaweka mikono yake juu ya meza. Akasema kosa hili limefanywa na mikono miwili mizima isiyovimba, na hii hapa siyo. Akasema hajui kama alipewa dawa au vitupu, na hajawahi kuuliza, kwa sababu aliahidi kutouliza. Kama ni dawa, anaomba iendelee. Kama ni vitupu, basi awe ndiye wa kupimia, ili siku moja mwanamke mwingine apewe kilichojaa. Yeye fundi cherehani, anajua kwamba hushoni gauni bila kwanza kukata karatasi ya kipimo, na karatasi haivaliwi na mtu.

Nilimtazama nikawaza: huyu mtu tumelala chumba kimoja miaka yote hii, na bado sijafika mwisho wake.

Walitutoa nje, tukangoja. Shemeji alikagua benchi, akasema miguu yake imeungwa vibaya. Tulipoitwa tena walisema kichupa kilichoharibika kimeandikwa kama ajali iliyosababishwa na msindikizaji. Mgonjwa hana kosa na hajui alichopewa, kwa hiyo anabaki. Kichupa kingine kitatolewa leo leo. Nami masharti: nisivuke geti la hospitali, na nisizungumze habari za mikono ya mke wangu na daktari, na nesi, wala na mgonjwa yeyote wa utafiti. Niliweka sahihi kwa shukrani nyingi. Daktari alisema, "Baba, sahihi tu inatosha."

Nilingojea nje ya geti huku shemeji akimsindikiza ndani. Sikuona wivu. Kidogo tu.

Alipotoka alinishika mkono mwenyewe, bila kuombwa, akaushikilia mpaka nyumbani. Njiani alisema nikithubutu tena atanishona mdomo, na kama vidole vitakataa atatumia cherehani. Ni maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumatatu. Sijawahi kusikia matamu zaidi.

Nimejifunza. Shukrani ya kweli ni kunyamaza. Naiandika hapa kwa wino.

Jumapili, 16 Machi

Nimeyasoma masharti upya kwa makini. Yanamtaja daktari. Yanamtaja nesi. Yanawataja wagonjwa. Hayamtaji mama mzazi wa daktari.

Ni mwalimu mstaafu, anakaa nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa kijani. Nimeulizia kwa busara sana. Habari za mikono sitagusa kabisa! Nitamshukuru kwa kuzaa tu. Kuzaa si siri ya utafiti. Nani atasema hiki nacho ni kidole kwenye mizani? Mke wangu nimemwambia naenda kunyoosha miguu, na ninainyoosha kweli, huku nimebeba kifurushi kidogo nilichokifunga mwenyewe, kona zote sawa.

Naandika haya nikiwa kizingitini kwake, nikivuta pumzi kabla ya kubisha. Nyumba safi. Nimeridhika na kila kitu maishani mwangu.

Kuna viatu mlangoni. Vikubwa, vina unga wa mbao.

Lo! Ni vya shemeji!

Namsikia kutoka hapa. Anamweleza mama wa watu habari za vitufe, na anakosea: anasema dawa hupakwa nje, kama vanishi. Wapi! Hili haliwezi kuachwa hivi. Naingia kusahihisha.