Mhuri wa Meno Ishirini na Moja

TANGAZO KWA UMMA!

Kwa mamlaka iliyopo, na kwa kuwa furaha isiyosimamiwa huleta madhara, kila familia ya mtaa huu inaamriwa kutoka nje leo, mkesha wa Krismasi, saa nane kamili mchana, kufanya matembezi ya pamoja hadi saa kumi na moja. Baba atamshika mama mkono. Watoto watafuata kwa kimo. Mama wakwe watatangulia mbele, na hakuna hata mmoja atakayebaki kitandani kwa kisingizio chochote. Imetolewa na Kamati Kuu ya Muda ya Usimamizi wa Furaha za Mwisho wa Mwaka.

Karatasi yenyewe ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo ya baraza, mbele ya kibanda cha Fundi Saa, na hata asiyejua kusoma angetetemeka kwa kuitazama tu. Herufi zilisimama wima kama askari wa gwaride. Chini kulikuwa na mstari mwekundu, na chini ya mstari mhuri wa buluu, mviringo, wenye meno pembezoni. Kasoro ilikuwa moja. Aliyeibandika alitumia uji, na kufikia saa saba mchana kuku wa jirani alikuwa ameshakula "Tangazo kwa" na kubakiza "Umma".

Kijiwe kilikuwa kimekamilika. Fundi Saa alikuwepo, yeye ambaye hutengeneza saa za mtaa mzima na ya kwake imesimama tangu siku ya harusi yake. Breki, dereva wa teksi, alikuwa amelalia nusu ya benchi. Mheshimiwa, tarishi mstaafu aliyebeba barua za ofisi miaka thelathini na moja, alikuwa amesimama mbele ya nguzo, mikono nyuma. Mama Chai alikuwa juu ya ndoo yake iliyofunikwa, birika miguuni.

"Soma tena," Breki alisema. "Pale pa kutembea."

"Nimeshasoma mara tatu," Mheshimiwa alijibu.

"Soma ya nne, labda pamebadilika."

"Saa tatu nzima. Kwa miguu."

"Kwa miguu ya nani?"

"Yako, Breki. Ile iliyoning'inia hapo."

"Miguu yangu ni ya pedali, mzee! Mimi nilinunua gari ili nisitembee. Leo nitembee na watoto sita nyuma kama bata? Abiria wangu wakiniona watajua kumbe inawezekana!"

"Tembea baba, kitambi kipate kuona dunia," Mama Chai alisema huku akimimina. "Mwenzangu alitembea na mimi mara moja tu, siku tunakwenda kufunga ndoa. Kurudi alipanda gari, mimi nikafuata na masufuria ya zawadi kichwani. Leo nataka huo mkono. Miaka ishirini na miwili nimeudai."

"Lakini Mheshimiwa, una hakika hii ni ya serikali?" Breki aliuliza.

Mheshimiwa alikohoa kile kikohozi chake cha ofisini. "Kijana, nimebeba barua miaka thelathini na moja na sikufungua hata moja. Ndiyo maana najua yaliyomo. Karatasi isiyo na mhuri ni maoni. Karatasi yenye mhuri haijadiliwi. Tazama hata busara yake: 'mama wakwe watatangulia mbele.' Hiyo ni lugha ya watu waliokaa kikao. Wamepewa na posho."

"Na 'hakuna atakayebaki kitandani'?"

"Hapo walikaa vikao viwili."

Wote walicheka isipokuwa Fundi Saa. Yeye alikuwa ameinamia saa ya mtu, kibano mkononi, na kwa dakika kumi hakuwa amegusa hata skrubu.

Ukweli ni kwamba chini ya kitanda cha mama mkwe wake kulikuwa na chupa kumi na mbili za mvinyo wa nanasi. Alikuwa ameuchachusha mwenyewe kwenye ndoo, kwa maganda, sukari, na hamira aliyoipima kwa kibano cha saa, punje kwa punje, kama mtu anayelisha sisimizi. Alichagua pale kwa sababu mkewe hawezi kufagia chini ya kitanda cha mama yake bila kuulizwa anatafuta nini. Mama mkwe mwenyewe aliambiwa ni mafuta ya kusafishia saa kubwa. Mpango ulikuwa kwamba saa nane mkewe aende sokoni, bibi awe kwenye usingizi wake wa mchana, naye atambae chini ya kitanda na kuzitoa moja moja mpaka kijiweni. Wiki nzima alikuwa amewaahidi wenzake. Wiki nzima alikuwa ameheshimiwa, jambo ambalo halikuwahi kumpata tangu azaliwe.

"Sasa mzigo wetu?" Breki aliuliza.

"Punguza sauti."

"Nimepunguza. Mzigo wetu?"

"Mke wangu ameliona tangazo tangu asubuhi. Ameshafuta vumbi viatu vyangu. Amesema mkono wangu ataushika mpaka saa kumi na moja, na akiachia ni kubadilisha upande."

"Ugua."

"Nimeugua mwaka jana."

"Basi fiwa."

"Nilifiwa na shangazi mwaka juzi."

"Shangazi yupi? Si yule aliyekuja Pasaka?"

"Ndiyo maana mwaka jana ilibidi niugue."

"Mficha uchi hazai," Mama Chai alisema. "Mwambie mkeo ukweli. Mwambie, mke wangu, nimepika pombe chini ya kitanda cha mama yako. Atakuelewa. Akimaliza kukuelewa, sisi tutakuja kukuona wodini."

Hapo akatokea binti yake Fundi, aliyekuwa amerudi likizo kutoka shule ya bweni. Ni mtoto mwenye heshima, mwenye uso wa upole, na mwenye akili ambazo walimu wake wamezitaja mara nyingi, hasa katika barua za kumwita mzazi. Aliwaamkia wote kwa zamu, mikono nyuma, kama inavyostahili.

"Baba, mama anasema uje uvae viatu. Zimebaki dakika ishirini."

"Nakuja."

"Na bibi amekataa."

"Amekataa nini?"

"Kutembea. Anasema kitanda chake hakijamkosea kitu. Baba, tafadhali kamlazimishe. Sheria ni sheria."

"Huyu mtoto kalelewa!" Mheshimiwa alisema. "Vijana wa siku hizi wangapi wanaweza kutamka neno sheria bila kucheka?"

Fundi Saa alimtazama mwanawe kwa mashaka kidogo, maana hakuwa amewahi kusikia sheria ikitetewa nyumbani mwake. Lakini mtu mwenye chupa kumi na mbili za siri hana nafasi ya kushangaa ya wenzake. Alivuta ubao wa drafti ulioachwa katikati ya mchezo, ili atulize mikono, akaokota kizibo kimoja. Pale kijiweni drafti huchezwa kwa vizibo vya chupa; vilivyolala kifudifudi ni vya mtu mmoja, vilivyolala chali ni vya mwenzake. Alikiinua, akakizungusha kwenye mwanga, na jicho lake likapita kwenye kizibo, likaenda nguzoni, likarudi kwenye kizibo, likaenda nguzoni tena.

"Mheshimiwa, hebu sogea."

"Kuna nini?"

"Sogea kwanza."

Alivaa ile miwani yake ya jicho moja ya kutazamia vyuma vya saa, akamfukuza kuku, akaweka pua kwenye mhuri wa Kamati Kuu. Alihesabu kwa sauti. Alipofika ishirini na moja aliinua kichwa.

"Meno ishirini na moja," alisema. "Huu mhuri ni kizibo cha chupa."

Mheshimiwa alivua kofia. "Usitukane ofisi za watu."

"Na hapa ubavuni pana bonyeo. Mnaliona? Kama ukucha wa mwezi. Mimi sina mashine ya kufungia vizibo, nafungia nyundo yangu ndogo ya saa, na kila mara inateleza upande huu huu. Duniani hapa vizibo vyenye bonyeo hili ni kumi na viwili tu, na vyote viko chini ya kitanda cha mama mkwe wangu."

Breki aliinuka kutoka kwenye benchi.

"Mungu wangu," Breki alisema taratibu. "Kwa hiyo serikali imekunywa mzigo wetu!"

"Kamati Kuu nzima imeingia chini ya kitanda cha yule mama?" Mama Chai aliuliza. "Na ametoka mtu hai?"

Fundi Saa alikuwa amegeuka na ile miwani bado jichoni, na katika kioo chake alikuwa akimwona binti yake akiwa mkubwa kama nyumba.

"Leta mkono."

Akaletewa wa kushoto.

"Ule mwingine."

Kidole gumba cha kulia kilikuwa cha buluu mpaka kwenye kiungo.

"Kizibo umekitoa wapi?"

"Baba, sikukitoa. Kilitoka chenyewe."

"Chenyewe vipi?"

"Kwa kishindo. Kilikuwa nyuma ya kabati. Vioo vya chupa nilivifagia, bahati bibi alikuwa bado uani, hajalala, nikamwambia ni ubao wa kitanda umelia."

"Lini?"

"Jana. Saa nane mchana, bati la paa lilipopata joto la jua. Baba, zimebaki kumi na moja, nazo zitapasuka vile vile. Na saa nane ndio bibi analala. Nilimwomba ahame chumba, akakataa. Nikaona... nikaona akiamriwa na watu wakubwa atatoka."

Mama Chai aliweka birika chini. "Sasa hivi ni saa ngapi?"

Wote walimtazama Fundi Saa. Fundi Saa alitazama mkono wake, ambako bado ilikuwa siku ya harusi. Nyuma yake, ndani ya kibanda, saa arobaini za watu zilionyesha nyakati arobaini, kila moja kwa uhakika wake.

"Saa nane kasoro dakika tano!" alipiga kelele mpita njia mmoja aliyeulizwa kwa kushikwa shati.

Walitimka. Fundi Saa mbele na kibano mkononi, Breki akifuata akipumua kama injini yake, Mama Chai kajifunga kanga, Mheshimiwa nyuma, akikimbia kwa mwendo wa mtu anayepeleka barua ya haraka. Na mtaa ukaona. Mke mmoja alichungulia dirishani akamwambia mumewe, "Unasema tangazo ni uongo? Mheshimiwa mwenyewe anatembea! Breki anatembea!" Milango ikafunguka. Akina baba walitoka wakiwa wameshikwa mikono, watoto wakapangwa kwa kimo, mama wakwe wakasukumwa mbele. Kufikia kona ya pili msafara ulikuwa na familia tisa, zote zimenuna, zote zinatembea pamoja.

Mke wa Fundi, aliyekuwa njiani kuja kumtafuta mumewe, alimpokea kwa kumdaka mkono. "Leo umenifuata mwenyewe!" alisema kwa furaha, naye akaburutwa pamoja nao hadi nyumbani bila kujua anawahi nini.

Walipofika langoni walisikia mlio. Pu! Kisha mwingine. Pu!

"Mama!" Fundi Saa alilia, na kwa kweli alilia kama mtoto wa kumzaa.

Mama mkwe wake alikuwa uani, kwenye kigoda, kivulini. Mbele yake palikuwa na beseni kubwa la maji lililofunikwa gunia, na mkononi kikombe.

"Shi... shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umekuja kuchukua mafuta yako ya saa?"

Mke wa Fundi aliutazama mkono alioushika kama mtu aliyeokota kitu asichokijua.

"Tangu juzi kitanda kinanguruma," mama mkwe aliendelea. "Asubuhi nikazitoa zote, nikazilaza kwenye maji baridi. Nne zimekwisha kupasuka humo humo. Hii nimeiwahi. Sasa kuna wendawazimu wametangaza tutoke tukatembee. Nikitoka, nani angezilinda?"

"Mama, wewe unajua mambo haya?" mke wa Fundi aliuliza.

"Nilipika haya kabla hujazaliwa. Unadhani karo yako ililipwa kwa nyimbo?" Alionja, akafumba macho. "Mkwe wangu ana kipimo kizuri, mkono wake ni mwepesi. Lakini hapa kuna mkono mwingine umeingia. Nanasi la kipimo kizuri hunong'ona. Hili linafoka. Nani ameongeza hamira?"

Breki aliinua mikono. "Mimi sijui hata jikoni mlango ni upi! Halafu jamani, mbona nimekimbia? Gari langu si lilikuwa pale pale?"

Mheshimiwa alisema ofisi yake haihusiki. Fundi Saa aliapa: punje kwa punje, kwa kibano. Nje ya lango familia tisa zilisimama zikisubiri kuambiwa zielekee wapi.

Na hapa msimulizi angependa sana kuishia. Hadithi imetimia, bibi yuko mzima, mtaa umetembea. Angependa pia kueleza kwamba yule binti mwenye heshima alifundishwa darasani kuwa hamira ni kiumbe hai kinachopumua, na kwamba aliona huruma kukiona kimewekwa kidogo hivyo, kipweke, ndani ya ndoo kubwa. Angeeleza vizuri zaidi, lakini kuandika ni kazi ngumu mtu akiwa ameshikwa sikio, na vidole vya bibi, kwa umri wake, vina nguvu ya koleo.

"Nimeuliza, nani?"

Basi. Ni mimi, bibi. Vijiko vitatu, vile vikubwa vya supu. Tangazo ni langu, wino ni wangu, na Kamati Kuu ilikuwa na mjumbe mmoja. Kuku peke yake ndiye ambaye sikumtuma.